Pumu ya ngozi kwa watoto: jinsi ya kuielewa na kumtuliza mtoto anayewashwa

Mtoto mwenye ngozi inayowasha hateseki peke yake. Anajikuna usiku, anaamka, analia, na nyumba nzima inaamka naye. Asubuhi shuka lina madoa ya damu, mama hajalala, na jirani anauliza kama mtoto huyu anaogeshwa kweli. Wengi hukimbilia duka la dawa au sokoni, wakanunua krimu yoyote inayosifiwa. Nyingine husaidia kwa siku mbili, kisha ngozi hurudi ikiwa mbaya zaidi.

Ukurasa huu unaeleza kwa nini ngozi ya watoto wengine huwasha bila kukoma, unachoweza kufanya nyumbani, na ni wakati gani umpeleke mtoto kituo cha afya.

Mambo muhimu kwa ufupi

- Pumu ya ngozi haiambukizi. Haisababishwi na uchafu, na mama hana kosa.
- Ngozi ya mtoto huyu haishiki maji vizuri. Kumpaka mafuta kila siku ndiyo tiba ya kwanza, hata siku ambazo ngozi inaonekana nzuri.
- Ngozi ikichachamaa, dawa ya kupaka yenye steroidi husaidia na ni salama ikitumiwa kama ulivyoelekezwa.
- Usimpake mtoto krimu isiyo na lebo, krimu ya kung'arisha ngozi, wala dawa uliyopewa na mtu aliyepona ugonjwa mwingine.
- Mtoto mwenye homa na malengelenge au vidonda vinavyouma apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Pumu ya ngozi ni nini?

Hospitalini utasikia wakiuita ugonjwa huu ekzema. Mitaani wengi husema pumu ya ngozi. Wapo pia wanaosema ukurutu, lakini neno hilo hutumiwa na wengine kwa upele wa kuambukiza, kwa hiyo ni vizuri kumwuliza mhudumu wa afya anamaanisha nini hasa.

Ugonjwa huu ni wa kawaida sana. Katika nchi nyingi huwapata hadi mtoto 1 kati ya 5. Mara nyingi huanza kabla ya mtoto kutimiza miaka 5, na wengi huanza wakiwa bado hawajafika mwaka mmoja. Mara nyingi kuna mtu katika familia mwenye pumu ya kifua, mafua ya mzio au ngozi ya namna hiyo hiyo. Ndiyo maana watoto wawili wa nyumba moja, wanaooga maji yale yale kwa sabuni ile ile, mmoja huwashwa na mwingine hana shida.

Kwa nini ngozi inawasha?

Fikiria ukuta wa matofali. Seli za ngozi ni matofali, na mafuta ya asili yaliyo katikati yake ni saruji. Ukuta ukiwa mzima, maji hubaki ndani, na vumbi, sabuni na vijidudu hubaki nje. Kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi, saruji hiyo ni pungufu. Maji hutoka, ngozi inakauka, na vitu vya nje vinapenya. Mwili unavipiga vita, na vita hivyo ndivyo vinavyoleta uvimbe na muwasho.

Mtoto akijikuna, ukuta unabomoka zaidi. Vitu vingi zaidi vinapenya, muwasho unaongezeka, naye anajikuna tena. Karibu kila ushauri utakaousoma hapa una lengo moja: kuukata mzunguko huo.

Inaonekanaje kwenye ngozi nyeusi?

Picha nyingi za ugonjwa huu zinaonyesha ngozi nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, na mama anaweza kuambiwa kwamba mtoto hana kitu. Badala yake, angalia haya:

- Sehemu zilizo nyeusi zaidi, za kahawia, za zambarau au za kijivu kuliko ngozi ya jirani.
- Vipele vidogo vigumu vinavyokwaruza ukipitisha kiganja, hasa tumboni, mgongoni na mikononi.
- Ngozi kavu yenye magamba, inayoonekana kama imepakwa majivu.
- Ngozi iliyokuwa nene na yenye mistari mirefu kwa sababu ya kukunwa muda mrefu.

Umri nao hubadilisha mahali panapoathirika. Kwa mtoto mchanga ni mashavu, kichwa, na upande wa nje wa mikono na miguu. Sehemu inayofunikwa na nepi mara nyingi hubaki nzima. Kwa mtoto mkubwa ni ndani ya kiwiko, nyuma ya goti, shingoni, kwenye vifundo vya mikono na vya miguu.

Baada ya ngozi kupona, yanaweza kubaki madoa meusi au meupe. Madoa hayo si ugonjwa mpya, wala si makovu ya kudumu kwa kawaida. Hufifia yenyewe kwa wiki au miezi. Usiyapake chochote cha kuyaondoa. Endelea na mafuta ya kawaida tu.

Je, ni pumu ya ngozi au ni kitu kingine?

Muwasho una sababu nyingi, na tiba ya mmoja yaweza kuudhuru mwingine. Kabla ya kununua dawa, linganisha na haya.

Upele wa kuambukiza. Husababishwa na wadudu wadogo sana wanaochimba ndani ya ngozi. Muwasho huzidi usiku. Vipele huwa katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni, makalioni na sehemu za siri. Kwa mtoto mchanga huweza kuwa hata viganjani, nyayoni na kichwani. Dalili kubwa ni kwamba watu wengine nyumbani nao wanajikuna. Hapa familia nzima hutibiwa siku moja, hata wasiowashwa, na nguo na shuka hufuliwa.

Fangasi wa ngozi. Huonekana kama duara lenye ukingo ulioinuka na katikati palipo safi zaidi. Wengi huuita choa, na ukiwa kichwani huitwa mapunye. Nywele hukatika na kuacha kipara kidogo. Krimu ya steroidi peke yake huwafanya fangasi waenee wakiwa wamejificha, ndiyo maana ni muhimu kupata uhakika kwanza.

Vipele vya joto, au harara. Ni vipele vidogo vingi shingoni, kifuani na mgongoni wakati wa joto kali, au pale mtoto anapofunikwa nguo nyingi. Hupungua akipoozwa na akivaa nguo nyepesi.

Ukiwa na shaka, mwonyeshe mhudumu wa afya. Mweleze ilianza lini, nani mwingine anawashwa nyumbani, na ulishapaka nini. Kama una simu yenye kamera, mpige mtoto picha siku ambayo ngozi ni mbaya, kwa sababu siku ya kliniki inaweza kuwa nzuri.

Vitu vinavyoamsha muwasho

Kila mtoto ana vyake. Vinavyojulikana zaidi ni hivi:

- Sabuni kali, sabuni zenye manukato na zenye dawa ya kuua vijidudu, na sabuni ya unga iliyobaki kwenye nguo.
- Jasho na joto, hasa pwani wakati wa kaskazi.
- Baridi na hewa kavu, hasa nyanda za juu katika miezi ya Juni na Julai.
- Sweta la sufu, nguo za nailoni, na lebo zinazokwaruza shingo.
- Vumbi la nyumbani, magodoro ya zamani na mablanketi mazito.
- Moshi wa sigara na wa kuni, pamoja na moshi wa udi na ubani kwa baadhi ya watoto.
- Poda ya watoto na mafuta yenye manukato.
- Mafua na homa za kawaida.

Huwezi kuviondoa vyote. Anza na viwili au vitatu vilivyo rahisi. Badilisha sabuni. Suuza nguo zake mara mbili. Mvalishe fulana ya pamba ndani ya sweta la shule. Nguo mpya ifuliwe kabla hajaivaa.

Kumwogesha

Kuoga kunasaidia, lakini maji mengi ya moto yanakausha. Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu kwa dakika 5 hadi 10, basi. Mara moja kwa siku inatosha. Kama maji ni shida, kumwosha kwa beseni sehemu zenye jasho na uchafu kunatosha siku nyingine.

Tumia sabuni laini isiyo na harufu, kidogo tu: kwapani, mapajani, miguuni na mikononi. Ngozi iliyopasuka haihitaji sabuni. Weka kando dodoki, jiwe na kitambaa kigumu. Tumia kiganja chako. Suuza povu lote. Watoto wengine hukaushwa na maji ya chumvi ya kisima. Ukiwa na maji kidogo ya mvua au ya bomba, yatumie kwa suuzo la mwisho.

Mkaushe kwa kumgusagusa na taulo au khanga laini. Usimsugue.

Wazazi wengi humwogesha mtoto kwa maji ya mwarobaini au majani mengine. Majani hayo yanaweza kuchoma ngozi iliyo wazi, na hakuna njia ya kujua ukali wake kwenye sufuria. Maji matupu ni salama zaidi. Vivyo hivyo chumvi, ndimu, siki na dawa ya meno visiwekwe kwenye ngozi ya mtoto huyu.

Kupaka mafuta: kazi ya kila siku

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote, na ndilo linaloachwa upesi kwa sababu linaonekana dogo. Paka mafuta ndani ya dakika chache baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, ili maji yafungiwe ndani. Kisha paka tena angalau mara moja, na zaidi ngozi ikiwa kavu sana.

Mafuta gani? Mafuta ya mgando yasiyo na harufu wala rangi yanafaa, ni ya bei nafuu, na yanapatikana karibu kila duka. Soma kopo, kwa sababu mengi yanayouzwa kwa ajili ya watoto yana manukato. Mafuta safi ya nazi huwafaa baadhi ya watoto wenye ugonjwa mwepesi. Pwani kwenye joto, mafuta mazito yanaweza kumtoa mtoto jasho. Tumia krimu nyepesi isiyo na harufu mchana, na mafuta mazito usiku. Mafuta ya karanga usiyapake kwenye ngozi iliyochubuka, kwa kuwa mwili unaweza kujifunza kuyakataa na mtoto akapata mzio wa karanga.

Kiasi gani? Zaidi ya unavyodhani. Mtoto mwenye ukavu mwili mzima anaweza kuhitaji gramu 250 kwa wiki, yaani kopo zima la ukubwa huo. Kama fedha haitoshi, anza na sehemu zinazowasha zaidi, lakini usiruke siku.

Paka kwa kushuka, kufuata vinyweleo vinakoelekea, bila kusugua. Chota kwa kijiko safi badala ya vidole, ili vijidudu visiingie kwenye kopo. Na tahadhari moja: nguo na shuka zilizolowa mafuta hushika moto haraka. Mtoto akae mbali na jiko, mshumaa na kibatari.

Dawa ya steroidi ya kupaka

Ngozi ikichachamaa, mafuta peke yake hayatoshi. Mhudumu wa afya anaweza kukupa krimu au marhamu yenye steroidi, ambayo hupunguza uvimbe na muwasho. Wazazi wengi huiogopa, wengine huitumia ovyo. Ukweli uko katikati.

Steroidi hutofautiana kwa nguvu. Haidrokotisoni ya asilimia 1 ni nyepesi, na mara nyingi ndiyo hutumiwa usoni na kwa watoto wachanga. Betamethasoni ina nguvu zaidi. Klobetasoli ni kali kabisa, na haifai kwa mtoto ila daktari aseme na amfuatilie.

Jinsi ya kuitumia:

- Paka mara moja au mbili kwa siku kama ulivyoambiwa, mahali palipoathirika tu.
- Kipimo ni ncha ya kidole. Kamua dawa kwenye kidole cha shahada cha mtu mzima, kutoka kwenye mkunjo wa kwanza hadi nchani. Kiasi hicho hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, vidole vikiwamo.
- Acha kama nusu saa kati ya dawa na mafuta.
- Endelea mpaka ngozi iwe laini ukiigusa. Ukiacha mara tu muwasho unapopungua, hurudi upesi.
- Kama baada ya siku 7 hadi 14 hakuna nafuu, rudi kituoni. Usiongeze nguvu ya dawa mwenyewe.

Krimu za hatari

Krimu nyingi za kung'arisha ngozi, zikiwamo zile zinazochanganywa na kuitwa mkorogo, zina klobetasoli, haidrokwinoni au zebaki. Mtoto akipakwa, muwasho unaweza kutoweka kwa siku mbili tatu, na ndiyo maana husifiwa. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, michirizi inatokea, na maambukizi yanaingia kwa urahisi. Steroidi kali ikipakwa mwili mzima kwa muda mrefu hupenya hadi kwenye damu, na inaweza kuzuia mtoto kukua vizuri.

Shuku krimu yoyote isiyo na lebo, iliyopimwa kwenye kikopo kitupu, au inayoponya kwa siku moja na kurudisha ugonjwa ukali ule ule ukiiacha. Kama mtoto amepakwa kitu cha namna hiyo kwa wiki nyingi, mpeleke kwa daktari na uende na kopo lenyewe. Usiogope kugombezwa, daktari anahitaji kujua ili aiondoe dawa hiyo kwa utaratibu.

Usiku bila kulala

Muwasho huzidi usiku kwa sababu mwili unapata joto kitandani na mtoto hana cha kumshughulisha. Mpake mafuta kabla ya kulala. Mfunike shuka jepesi la pamba badala ya blanketi zito. Kata kucha zake ziwe fupi na uzipige tupa. Mtoto mchanga anaweza kuvalishwa soksi laini mikononi.

Akiamka anawashwa, weka kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi kwa dakika chache, kisha mpake mafuta tena. Kumwambia "acha kujikuna" hakusaidii, kwani hawezi kuacha, na hujiona mkosaji. Mwonyeshe badala yake kubonyeza mahali panapowasha kwa kiganja, au mpe kitu cha kushika.

Dawa za mzio za kunywa zinazoleta usingizi haziponyi pumu ya ngozi. Zisitolewe bila ushauri, na promethazini isipewe kabisa mtoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu inaweza kuzuia pumzi.

Chakula

Watu watakuambia uache mayai, samaki, maziwa, nyanya na karanga. Watoto wachache wana mzio wa chakula kweli. Lakini kwa wengi, chakula si chanzo, na kukata vyakula hivyo vyote huwaacha wakikosa protini na kukonda. Ngozi haiponi, na mtoto anaingia kwenye utapiamlo.

Endelea kunyonyesha, na wewe mama kula kama kawaida. Kama kila mara baada ya kula chakula fulani mtoto anavimba midomo, anatapika au anatokwa na mabaka mwili mzima ndani ya saa mbili, acha chakula hicho na umwone daktari. Akipumua kwa shida, nenda hospitali mara moja.

Chanjo zake ziendelee kwa ratiba. Pumu ya ngozi si sababu ya kuziacha.

Maneno ya watu

Mtoto anaweza kukataliwa mchezoni kwa kudhaniwa ana ugonjwa wa kuambukiza. Mama anaweza kuambiwa kwamba ni mchafu, au kwamba mtoto amerogwa. Zungumza na mwalimu mapema. Mweleze kwamba ugonjwa hauambukizi, kwamba mtoto anaweza kuhitaji kukaa mbali na jua kali, na kwamba anaruhusiwa kupaka mafuta wakati wa mapumziko. Bibi, shangazi au dada wa kazi anayemlea naye afundishwe utaratibu ule ule, maana siku tatu za sabuni kali zinaweza kuharibu kazi ya mwezi.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Nenda hospitali siku hiyo hiyo kama:

- Yametokea malengelenge madogo au vidonda vya duara vinavyofanana, vinauma, na mtoto ana homa au amelegea. Hii inaweza kuwa virusi vya malengelenge vimeingia kwenye ngozi, na ni dharura.
- Ngozi ina usaha na joto, uvimbe unaenea kwa haraka, au mtoto ana homa.
- Vidonda viko karibu na macho.
- Mtoto hanyonyi, hali, au amelegea.

Nenda ndani ya siku chache kama vidonda vinatoa maji na kuganda magamba ya rangi ya asali, kama mtoto halali usiku, au kama ngozi haijapata nafuu baada ya wiki mbili za mafuta na dawa.

Muulize mhudumu kama kuna mtaalamu wa ngozi katika hospitali ya wilaya au ya mkoa. Huyo si lazima awe daktari bingwa. Kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi kilicho KCMC mjini Moshi kimetoa maofisa tabibu wa ngozi wanaofanya kazi katika hospitali za nchi nyingi za Afrika.

Je, itaisha?

Hakuna dawa inayoimaliza pumu ya ngozi mara moja, na anayekuahidi hivyo anakuuzia kitu. Lakini kwa watoto wengi hupungua kadiri wanavyokua, na wengi wao hupata nafuu kubwa kabla ya kufika ujana. Kutakuwa na wiki nzuri na wiki mbaya. Wiki mbaya ikija, haimaanishi umeshindwa. Rudi kwenye hatua zile zile: maji ya uvuguvugu, mafuta mengi, dawa kama ulivyoelekezwa, kucha fupi.

Anza leo jioni na hatua moja: mwogeshe kwa muda mfupi, kisha mpake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Fanya hivyo kila siku kwa wiki mbili, ndipo uiangalie tena ngozi yake.